Kabla ya Kuuza Kiwanja cha Buswelu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha nne na cha sita, Nyakato, Mwanza

Wazazi wetu, shikamooni. Vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, hamjambo. Na kwa kuwa bado ni asubuhi, wenyeji wetu, mwangaluka.

Tumeitwa kujibu swali moja: je, chuo kinalipa? Swali hilo likiulizwa hivyo halina jibu, sawa na mtu anayekwenda Kirumba kuuliza kama mtumbwi unalipa. Mvuvi atamuuliza kwanza: mtumbwi upi? Wa injini au wa makasia? Wa dagaa au wa sangara? Umeununua au umeukopea? Chuo nacho kina maswali yake ya namna hiyo, na leo tutayapitia kwa hesabu. Karatasi zipo pale mezani, kalamu kila mtu ana yake. Takwimu za mfano tutakazotaja ni za kujifunzia; ukifika nyumbani futa zetu, weka zako.

Fomu ya kujiunga ikifika nyumbani, mzazi huangaza macho kutafuta mstari mmoja, ule wa ada. Akiona 1,400,000 kwa mwaka anazidisha mara 3, anapata 4,200,000, anasema, "Hii naiweza, nitauza kile kiwanja cha Buswelu." Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Ada ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na mara nyingi si sehemu kubwa kuliko zote.

Tuchukue binti wa Sengerema aliyepata nafasi ya shahada ya miaka 3 hapa mjini. Ni kweli tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na hakuna tena kusubiri kivuko, lakini hatalala Sengerema akawahi kipindi cha saa moja asubuhi. Atapanga chumba. Ada tumeshasema, 1,400,000. Michango mingine, yaani usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, ile 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu na bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, tuseme jumla 250,000. Chumba cha 50,000 kwa miezi 10 ni 500,000, na mwenye nyumba atataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo usiipange kama matumizi ya mwezi. Chakula cha 6,000 kwa siku, siku 280, ni 1,680,000. Nauli, bando na kuchapisha kazi, 60,000 kwa mwezi, ni 600,000. Jumlisheni. Mwaka mmoja ni 4,430,000. Miaka mitatu ni 13,290,000. Ongezeni kompyuta mpakato ya 700,000 na mafunzo kwa vitendo mara mbili, 400,000 kila mara, kwa sababu anaweza kupelekwa mbali na pale alipopanga na huku kodi ya chumba inaendelea. Tumefika 14,790,000. Ile ada ya 4,200,000 si hata theluthi yake.

Sasa kuna haki ya kutendeka hapa. Huyu binti hata asingekwenda chuo angekula. Kama nyumbani chakula chake kinagharimu 2,500 kwa siku, basi 2,100,000 katika zile fedha si gharama ya chuo, ni gharama ya kuwa na mtoto. Tunaitoa, inabaki 12,690,000. Lakini kuna kitu cha upande wa pili ambacho hakimo kwenye fomu yoyote: fedha ambazo angezipata kama angekuwa kazini. Kama angefanya kazi ya kuuza dukani na kubakiwa na 150,000 kwa mwezi, miezi 36 ni 5,400,000. Bei kamili ya shahada ile ni 18,090,000. Akimaliza akakaa mwaka mzima nyumbani anasubiri ajira, ongezeni 1,800,000 nyingine.

Mkishaipata hiyo bei, igawanyeni kwa tofauti ya kipato. Si kwa mshahara wote. Kwa tofauti, yaani kile atakachopata kwa ajili ya ile shahada zaidi ya kile ambacho angepata bila hiyo shahada. Tofauti ikiwa 250,000 mkononi kwa mwezi, 18,090,000 inarudi kwa miezi 72 na ushee, yaani miaka sita. Hiyo ni biashara nzuri, maana atafanya kazi miaka 30 na zaidi. Tofauti ikiwa 100,000, inarudi kwa miaka 15. Hapo mzazi afikiri mara mbili. Mkumbuke pia kwamba hesabu hiyo inaanza siku anapopata kazi, haianzi siku ya mahafali. Joho linapendeza sana kwenye picha, ila halina mshahara.

Kuna watu watasema elimu si fedha tu. Tunakubali, na mwenye uwezo wa kumsomesha mtoto historia kwa sababu mtoto anaipenda historia, amsomeshe. Leo tunasema na mtu anayeuza kiwanja.

Tuje kwenye mshahara wenyewe, kwa sababu vijana hutaja mshahara wa msingi kama vile ndio unaoingia mfukoni. Chukueni mtumishi wa umma wa 700,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, ni 35,000. Kodi inakokotolewa kwenye 665,000 iliyobaki: 270,000 za kwanza hazikatwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na inayozidi hapo, kabla ya kufika 760,000, ni asilimia 20. Inakuja 49,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 21,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Anapeleka nyumbani 490,000. Namba ya kuingiza kwenye hesabu yenu ni hiyo 490,000, kabla hajaingia chama cha wafanyakazi na kabla ya mjomba kumpigia simu.

Na hapo tumeugusa mkopo. Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kuna maneno mengi ya mtaani juu yake, mengine yamepitwa na wakati. Zamani deni lilikuwa linaongezeka asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mwenye deni la 10,000,000 alikuwa anaongezewa 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Akikatwa 105,000, karibu nusu ilikuwa inaishia kuziba lile ongezeko. Ndiyo maana mtu alikuwa analipa miaka mitatu, akiuliza salio haamini macho yake. Ile asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021, na Rais Samia alilitangaza hilo hapa hapa kwetu, uwanja wa CCM Kirumba, siku ya Mei Mosi. Sasa kuna ada ya uendeshaji ya asilimia 1 mara moja tu. Deni la 10,000,000 linakuwa 10,100,000, na kwa makato ya 105,000 linaisha kwa miezi 97, miaka minane na mwezi. Kwa mkopo usio na riba ya kila mwaka, kwa kweli hakuna mahali pengine mtoto wa Mwanza atapata fedha ya bei hiyo. Anayestahili asiukatae kwa kuogopa neno "deni".

Ila aujue vizuri. Miezi 24 baada ya kumaliza, marejesho yanaanza, uwe umeajiriwa au hujaajiriwa. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, na isipungue 100,000 kwa mwezi. Na aliyeacha chuo mwaka wa pili naye anadaiwa zile alizokwisha kupokea. Hili la mwisho wengi hawalisikii mpaka siku wameajiriwa, na mwajiri anapokea barua.

Fedha ya kujikimu, ambayo wenyewe wanaiita "boom", ilikuwa 8,500 kwa siku, baadaye ikapandishwa hadi 10,000. Rudini kwa binti yetu: chakula 6,000, chumba kama 1,700 kwa siku, nauli na bando 2,000. Ni 9,700. Kwa hiyo inatosha kwa kujibana, kwa aliyepewa yote. Matatizo yake ni mawili. Inalipwa kwa siku za masomo tu, wakati mwenye nyumba anahesabu na siku za likizo. Na inakuja kwa mkupuo wa takribani siku 60, yaani 600,000 kwa kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika 100,000. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku, wiki ya saba ni uji. Mzazi amfundishe mtoto nyumbani: ikiingia tu, kodi itoke kwanza, halafu ya chakula iwekwe kwenye laini nyingine ya simu na kutolewa 42,000 kila Jumapili.

Jambo jingine, boom la kwanza halimngojei mtoto getini. Mpaka asajiliwe, asaini, orodha zipite, wiki zinakwenda. Na ili asajiliwe, vyuo vingi vinataka sehemu ya ada iwe imeshalipwa. Mtoto asitoke nyumbani bila fedha ya wiki sita mkononi, hata kama jina lake limo kwenye awamu ya kwanza ya mkopo. Na asiyeona jina awamu ya kwanza asirarue fomu. Zipo awamu nyingine, na baada yake dirisha la rufaa.

Maombi yenyewe ya mkopo yanaharibikia kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu, cha kidato cha nne kinasema Mariam, cheti cha kifo cha baba kina jina la ukoo ambalo mtoto halitumii. Kila cheti cha kuzaliwa na cha kifo lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kupandishwa kwenye mfumo, na uhakiki haufanyiki kwa siku moja. Vijana wengi wanaanza kuhangaika wiki ya mwisho ya dirisha. Anzeni sasa, kabla hata ya matokeo. Kama majina yanatofautiana, hati ya kiapo ya majina itengenezwe mapema kwa wakili. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mara mbili aandike namba zote mbili za mtihani, asifiche moja. Fomu isainiwe na kiongozi wa mtaa, iwe na mdhamini, na iwe na muhuri wa wakili au hakimu. Ukurasa mmoja usiposainiwa, mfumo hauna huruma. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini iandike namba yake. Na wale wa mchepuo wa sayansi mliofaulu vizuri sana kidato cha sita, ulizeni ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Huo si mkopo.

Sasa tufike pale ambapo, kwa maoni yetu, uamuzi wote unasimama au kuanguka: mlango wa kutokea. Kabla ya kuuliza chuo kipi, ulizeni karatasi hii inafungua mlango gani, na nani ameshika ufunguo. Kuna kazi ambazo sheria inakataza mtu kuzifanya bila cheti na usajili. Muuguzi, mfamasia, tabibu, mhandisi, wakili. Huko cheti kina nguvu yake, kwa sababu mtu asiye nacho hawezi kushindana na wewe hata awe hodari vipi. Na kuna kazi ambazo hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote: masoko, utawala wa biashara, uhusiano wa umma. Huko shahada ni barua ya utambulisho tu, inakufikisha mapokezi. Ndani unaingia kwa unachoweza kufanya. Hatusemi msisome hizo. Tunasema asiyejua kuuza kitu asidhani cheti cha masoko kitamuuzia.

Hata milango ya kisheria ina ngazi ambazo fomu ya kujiunga haizitaji. Anayemaliza shahada ya sheria hajawa wakili. Anatakiwa apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yaani Shule ya Sheria, kule Dar es Salaam, na kuishi Dar mwaka mzima ni fungu jingine. Mhasibu anayetaka kusaini hesabu za kampuni anahitaji mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, apate cheti cha CPA, na kila mtihani unalipiwa. Daktari anasoma miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya usajili kamili. Mhandisi anasoma miaka 4, kisha anakaa chini ya wahandisi wenzake kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kama mhandisi kamili. Ukipanga fedha za mtoto wa sheria, panga mpaka Shule ya Sheria. Kumwacha njiani pale ni kama kununua mtumbwi na nyavu, ukakosa fedha ya taa ya karabai.

Na ajira ya serikali? Tuseme wazi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Ni watu 84 kwa kiti kimoja, na walio wengi kati yao walikuwa na vyeti safi. Ualimu nao siku hizi una usaili wa kuandika na wa ana kwa ana, si kama zamani ambapo jina lilitoka ukapakia godoro. Anayesoma kwa kutegemea serikali peke yake aweke kwenye hesabu miaka miwili au mitatu ya kungoja, na aone kama ile bei bado inarudi. Anayesoma fani ambayo ina mlango wa serikali na mlango wa binafsi, kama famasi, maabara au umeme, ana nafuu.

Suala la nani anamaliza halizungumzwi kwenye vikao vya familia kwa sababu linaonekana kama kumwombea mtoto mabaya. Lakini hakuna chuo cha ghali kama kile ambacho hakikumalizwa: fedha imeenda, miaka imeenda, deni la Bodi lipo, cheti hakipo. Mtoto huangushwa na mambo yanayofahamika. La kwanza ni ada ya muhula wa pili. Chuo hakimpi namba ya mtihani, anakosa mitihani, anarudia mwaka. La pili ni kozi asiyoiweza. Kijana aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne anaingia uhasibu kwa sababu jirani ni mhasibu. Takwimu na hesabu za biashara zinamkamata, anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu inakuwa kozi ya kubeba mwaka unaofuata, wastani unashuka chini ya 2.0, anaondolewa chuoni, wanaita "kudisko". Sifa ya chini kabisa ya kuingia shahada kwa aliyetoka kidato cha sita ni alama mbili kuu zenye jumla ya pointi 4, kwa mfano D mbili. Hiyo ni sifa ya kuingia, haijasema lolote juu ya kutoka. Mwenye D mbili aangalie kwa makini masomo aliyopatia hizo D, achague kozi inayosimama juu ya hayo, si juu ya yale aliyofeli.

La tatu ni chuo au kozi isiyotambulika. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mpigo. Fungua kitabu cha mwongozo cha Tume hiyo, TCU, cha mwaka huu, si cha mwaka jana, tafuta chuo, kisha tafuta kozi yenyewe kwa jina lake kamili na tawi lake. Chuo kinaweza kuwa na ithibati kwa kozi moja na kisiwe nayo kwa nyingine. Kwa stashahada na astashahada, kitabu ni cha NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kipeperushi cha stendi ya Nyegezi si ushahidi.

Sasa, kuna njia mbili ambazo wazazi wengi huzipita bila kuziangalia. Ya kwanza ni stashahada moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Sifa ya kawaida ni ufaulu wa D nne. Kwa tabibu na muuguzi ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Inachukua miaka 3. Tuilinganishe na njia ya kawaida: kidato cha tano na sita miaka 2, kisha shahada miaka 3, jumla 5. Anayepita stashahada kisha shahada anatumia miaka 3 na mingine 3, jumla 6. Amepoteza mwaka mmoja. Lakini mwisho wa mwaka wa tatu ana cheti cha kazi mkononi, wakati mwenzake ana matokeo ya kidato cha sita na mwaka mmoja wa chuo, karatasi ambazo haziajiri mtu. Akiishiwa fedha hapo katikati hajaanguka. Anafanya kazi, anajilipia mwenyewe shahada baadaye. Kinachotakiwa ni wastani wa 3.0 kwenye stashahada, basi asilegee. Upande wa gharama, ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia 2022/23, wakati stashahada inalipiwa, ingawa kuanzia 2023/24 Bodi inakopesha pia stashahada za fani za kipaumbele. Kwa familia yenye fedha ya kuyumba, tunaipendelea njia ya stashahada waziwazi. Kwa mtoto mwenye daraja la kwanza la pointi chache anayetaka udaktari, aende kidato cha tano.

Njia ya pili ipo hapa hapa Nyakato: VETA, mafunzo ya ufundi stadi. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA vyenyewe imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Soma fomu ya mwaka wako, na ongeza sare, viatu vya usalama na vifaa. Hata ukiizidisha ile ya kutwa mara tano, bado hujafika kwenye 500,000 ya chumba cha binti yetu. Na ufundi gani? Tazameni ziwa. Viwanda vya minofu ya sangara havilali siku moja bila majokofu, na jokofu likifa usiku anayeitwa ni fundi. Vizimba vya samaki vinahitaji wachomeleaji wa fremu na watu wanaojua kulisha na kupima maji; kwa hilo la mwisho chuo cha uvuvi kiko Nyegezi. Meli zinajengwa na kukarabatiwa Mwanza Kusini. Mchomeleaji hupimwa kwa kuchomelea kipande cha bomba mbele ya mkaguzi, hakuna wa kumbebea. Hata kijana aliyejifunzia gereji ya Igoma bila kukanyaga darasa anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi alio nao.

Kosa la upande huu ni moja na linajirudia: mzazi anamaliza fedha yote kwenye mafunzo, kijana anatoka na cheti bila mashine. Fundi asiye na vifaa anakuwa kibarua wa mwenye vifaa. Ukiwa na 4,000,000 ya kumwekea mtoto, itenge: 1,000,000 ya mafunzo, 3,000,000 ya vifaa, na hiyo ya vifaa usiiguse hata kwa msiba.

Na fedha itoke wapi? Isitoke kwenye mtaji. Mama wa dagaa anayetoa 1,400,000 kwenye mtaji wake Oktoba hatakuwa na ada ya Oktoba inayofuata. Isitoke kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Ukikopa 1,400,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ni 140,000 kila mwezi. Miezi mitano umelipa 700,000, nusu ya ada nyingine, na deni la msingi halijapungua. Kiwanja nacho kiwe cha mwisho. Ng'ombe anazaa, kiwanja hakizai, na cha Buswelu hutakinunua tena kwa bei uliyouzia. Ukilazimika kuuza, linganisha bei utakayouzia na fedha yote ya kutoa mfukoni, ile 14,790,000, uone kama inatosha mpaka mwaka wa mwisho. Kisipotosha, usiuze kwa ajili ya kuanza.

Angalieni pia kalenda. Pamba inauzwa kuanzia Mei, mpunga nao kipindi kisichopishana sana, lakini chuo kinafungua Oktoba au Novemba. Fedha ya Juni inatakiwa isubiri miezi mitano ndani ya nyumba yenye njaa, harusi na msiba. Vyuo vingi vinapokea ada kwa awamu na vinatoa namba ya malipo. Ukishapata nafasi, ingiza chuoni kiasi unachoweza siku ile ile uliyouza. Ikishaingia huko, shemeji hawezi kuikopa.

Tumebakiza lile lililoulizwa na mama wa mstari wa mbele kabla hatujaanza: mtoto yuko mwaka wa pili, fedha imeisha, aendelee au aache? Mama, zile mlizokwisha kulipa zisahau kwanza, zimeenda ama aendelee ama aache. Hesabu iliyobaki tu. Kama amebakiza mwaka mmoja, bei yake ni 4,430,000, si zile zote tulizojumlisha asubuhi, na kwa hiyo 4,430,000 anapata shahada nzima. Kwa tofauti ya 100,000 tu kwa mwezi inarudi kwa miezi 45. Hapo tunasema amalize, hata kwa kukopa kwa ndugu. Kama amebakiza miaka miwili, ana sapu nne na kozi haimpendi, hesabu ni nyingine, na kuhamia stashahada ya fani nyingine si aibu.

Kama ni fedha tu iliyokwama, asitoroke. Aende kwa mshauri wake wa masomo na ofisi ya udahili, aandike barua ya kuahirisha masomo kabla mitihani haijaanza, aombe jibu la maandishi, na nakala aipeleke kwa afisa mikopo wa chuo. Aliyeahirisha kwa barua nafasi yake inamngoja. Aliyekaa kimya anaandikiwa kuwa ameacha. Barua hiyo haina ada, na mitihani ya muhula inaanza hivi karibuni, kwa hiyo mama, mpigie leo hii.